Asili ya Mwelekeo wa Kijinsia na Mapenzi ya Jinsia Moja: Maneno, Maana na Ushahidi

Swali "Ushoga unatokana na nini?" huulizwa madarasani, redioni na katika nyumba za ibada, na mara nyingi hujibiwa kabla halijachambuliwa. Mmoja hujibu kwamba mtu huzaliwa hivyo. Wa pili hujibu kwamba ni tabia ya kuiga. Wa tatu hujibu kwamba ni jambo la kuletwa kutoka ng'ambo. Huenda watatu hao hawabishani hata kidogo, kwa kuwa kila mmoja anazungumzia kitu kingine. Neno ushoga, kama litumikavyo leo, laweza kumaanisha hisia iliyomo moyoni mwa mtu, tendo alilolifanya, nafasi anayopewa katika jamii, au hata urafiki wa kawaida baina ya wanawake wawili. Chanzo cha hisia si chanzo cha tendo, na chanzo cha tendo si chanzo cha jina.

Makala haya yanaeleza maneno ya Kiswahili yanayotumika katika mjadala huu, yanatenganisha maana zake, kisha yanaonyesha ni maana ipi hasa ambayo watafiti wameichunguza na wamepata nini. Mwishoni pana mwongozo wa matumizi kwa wanafunzi, walimu na watafsiri.

Asili, maumbile na tabia

Asili ni neno lililotoka katika Kiarabu, na katika Kiswahili limepanuka hadi kubeba maana tatu zinazokaribiana. Ya kwanza ni chanzo au chimbuko: "asili ya neno hili ni Kiajemi." Ya pili ni hali isiyotengenezwa na binadamu: "uoto wa asili." Ya tatu ni mila, ukoo na mapokeo: "dawa za asili", "hana asili wala fasili", na methali isemayo "Mwacha asili ni mtumwa."

Kwa hiyo sentensi "Jambo hili si la asili" ina maana tatu. Yaweza kumaanisha kwamba jambo hilo halikuanzia hapa, au kwamba halimo katika maumbile, au kwamba mila hazilikubali. Dai la kwanza hupimwa kwa historia, la pili kwa biolojia, la tatu kwa kuwauliza wenye mila. Msemaji anayeanza na maana moja na kumalizia na nyingine hudhani amethibitisha jambo, kumbe amevuka tu kutoka maana hadi maana.

Maumbile hutokana na kitenzi -umba. Neno hili lina uzito wa kipekee kwa sababu limeingia katika lugha ya sheria kupitia kishazi "kinyume cha maumbile". Ikiwa maumbile ni yale yanayoonekana kwa viumbe, basi ushahidi upo: utafiti wa muda mrefu uliofanywa Marekani juu ya kondoo wa kufugwa umeonyesha kwamba takriban madume 8 katika kila 100 huwaelekea madume wenzao, hata majike yakiwapo. Ikiwa maumbile ni makusudio ya Muumba, hoja hiyo ni ya teolojia, na kondoo hawawezi kuiamua. Wala mwenendo wa wanyama hauhalalishi jambo. Wapo wanyama walao watoto wao.

Tabia nalo ni la Kiarabu, na katika lugha hiyo lina maana ya umbile au hulka. Kiswahili kimelisogeza hadi kwenye mwenendo, yaani jambo linaloweza kufundishwa na kurekebishwa, ingawa maana ya zamani bado imehifadhiwa katika neno tabianchi. Mtu anaposema "hiyo ni tabia yake," msikilizaji mmoja huelewa kwamba haibadiliki na mwingine huelewa kwamba aonywe ataacha. Katika mjadala wa asili ya mwelekeo wa kijinsia, tofauti hiyo ndiyo mjadala wenyewe.

Maneno ya tendo, ya nafasi na ya mwili

Maneno ya zamani ya Kiswahili kuhusu mapenzi ya jinsia moja hayataji hisia. Yamegawanyika katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la matendo. Kulawiti hutokana na neno la Kiarabu liwati, ambalo nalo limejengwa juu ya jina la Nabii Lut. Kusagana ni kauli ya kutendana ya kitenzi -saga, na kwacho hupatikana msagaji. Maneno haya hueleza kilichofanyika, wala hayasemi lolote juu ya sababu, ridhaa au upendo. Magazeti huandika "alawitiwa" kwa mtoto aliyefanyiwa ukatili, na neno hilohilo hutumika kwa watu wazima wawili waliokubaliana. Matokeo yake ni mabaya kwa mtoto: aliyedhulumiwa huanza kuhesabiwa miongoni mwa "mashoga", kana kwamba dhuluma aliyofanyiwa imefichua hali yake. Kumlawiti mtoto ni jinai ya ukatili, na haielezi mwelekeo wa aliyetendewa.

Kundi la pili ni la nafasi. Shoga, katika mazungumzo ya wanawake wa pwani, ni rafiki wa kike wa mwanamke: "Shoga yangu amenitembelea." Maana hiyo ingali hai mitaani na katika taarab. Maana ya pili ni mwanamume anayechukuliwa kuwa na nafasi ya kike katika uhusiano na mwanamume mwenzake, ambaye huitwa basha. Neno basha hulinganishwa na cheo cha pasha cha dola ya Waturuki. Katika mpangilio huo wa zamani, basha hakuitwa shoga, ingawa wote wawili ni wanaume. Majina yalifuata nafasi, umri na mali, na hayakufuata hisia. Msenge huangukia karibu na shoga, lakini ni neno la matusi. Wapo wanaovutiwa kulilinganisha na masenge, neno la Kirundi na Kinyarwanda lenye maana ya shangazi. Ila kufanana kwa sauti pekee si uthibitisho wa etimolojia, na mwanafunzi asiandike ulinganisho huo kama jambo lililokwisha kuthibitishwa.

Kundi la tatu ni la mwili. Hanithi, kwa matamshi mengine hanisi, ni mwanamume asiye na nguvu za kiume. Hata hivyo limetumika pia kama tusi kwa mwanamume mwenye mwenendo wa kike. Huntha ni mtu aliyezaliwa na viungo au alama za jinsi zisizoangukia wazi upande wa kiume wala wa kike. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu watu hao kwa mara ya kwanza na kuorodhesha 1,524. Huntha ni suala la mwili. Halisemi mtu anampenda nani, na kulitumia badala ya shoga ni kosa la maana wala si kosa la adabu tu.

Ushuhuda wa pwani na Oman

Je, watu wa pwani hawakuwahi kuuliza juu ya chanzo? Makala fupi kuhusu Unguja, iliyochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1899 katika jarida la ethnolojia la Berlin, inaonyesha kwamba waliuliza. Iliripoti kwamba wenyeji walitofautisha waliokuwa hivyo tangu kuzaliwa na walioingia katika hali hiyo baadaye, na kwamba hali ya wale wa kwanza ilielezwa kuwa ni amri ya Mungu. Ilitaja pia jina mke-si-mume. Ripoti hiyo iliandikwa na mgeni, kwa macho ya zama zake, na yapaswa kusomwa kwa tahadhari. Hata hivyo inathibitisha mambo mawili: kwamba mahusiano hayo yalijulikana Unguja kabla ya karne ya 20, na kwamba mjadala wa "kuzaliwa au kujifunza" haukuanzia katika vyuo vikuu vya leo.

Mwaka 1977 mwanaanthropolojia Unni Wikan alichapisha utafiti wake wa mji wa Sohar, Oman, nchi ambayo ina uhusiano wa karne nyingi na pwani ya Afrika Mashariki. Alieleza juu ya wanaume walioitwa kwa neno la Kiarabu lililo nduguye hanithi, waliovaa mavazi yaliyokuwa kati ya ya kiume na ya kike. Mtu wa kundi hilo aliweza baadaye kuoa mke, na ndoa yake ikithibitika alihesabiwa kuwa mwanamume kama wengine. Mwaka 1987 Gill Shepherd alichapisha makala juu ya Mombasa, akaonyesha jinsi mahusiano ya wanaume na ya wanawake yalivyofuata ngazi za mali na heshima, na kwamba wengi wa wahusika waliwahi kufunga ndoa za kawaida.

Shuhuda hizi zinaonyesha jambo ambalo mtafsiri hapaswi kulisahau: jina la kijamii laweza kuvuliwa na kuvaliwa, kwa kuwa ni nafasi. Kutokana na hilo pekee hatuwezi kujua kilichokuwa moyoni mwa mwenye jina.

Mfano mwingine unatoka bara. Miongoni mwa Wakuria wa mkoa wa Mara ipo desturi ya nyumba ntobhu, ambapo mwanamke mwenye mali, aghalabu asiye na mtoto wa kiume, humtolea mahari mwanamke mwingine ili apate warithi. Desturi za namna hiyo zipo pia kwa Wakamba na Wanandi. Kiswahili husema mwanamume huoa na mwanamke huolewa, lakini hapa mwanamke anaoa, na sarufi inakubali bila shida kwa sababu anayeoa ni yule anayetoa mahari. Ndoa hiyo ni ya wanawake wawili, lakini haielezwi na wenyewe kuwa uhusiano wa kimapenzi. Kuitafsiri kwa neno linalotumika kwa ndoa za jinsia moja za Ulaya ni kuwasingizia wahusika jambo wasilolisema. Na kuitumia kama hoja kwamba ndoa hizo zilikuwa za kawaida Afrika ni kosa lilelile.

Mwelekeo: dhana ya karne ya 19

Wazo kwamba kila mtu ana mwelekeo wa ndani na wa kudumu, unaoweza kutajwa hata kama hajafanya tendo lolote, lilipewa majina rasmi Ulaya katika karne ya 19. Mwanasheria Mjerumani Karl Heinrich Ulrichs, katika vijitabu alivyoanza kuvichapisha mwaka 1864, alidai kwamba mvuto huo ni wa kuzaliwa nao. Mwandishi Karl Maria Kertbeny, katika barua aliyomwandikia Ulrichs mwezi Mei 1868, aliunganisha neno la Kigiriki homos, "sawa", na la Kilatini sexus, "jinsi", akaunda istilahi ambayo lugha nyingi za dunia zimeichukua. Wawili hao hawakukubaliana katika hoja. Ulrichs alitetea uhuru kwa sababu ya kuzaliwa. Kertbeny aliona kwamba dola haina haki ya kuingilia faragha ya watu wazima, iwe wamezaliwa hivyo au la. Tangu mwanzo, basi, swali la chanzo na swali la haki yalikuwa maswali mawili.

Mwaka 1948 Alfred Kinsey na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya mahojiano ya maelfu ya wanaume na kupendekeza kipimo cha kutoka 0 hadi 6 badala ya makundi mawili ya ama hiki ama kile. Baadaye watafiti walizoea kutenganisha mambo matatu: mvuto, yaani mtu anavutiwa na nani, tendo, yaani mtu amefanya nini na nani, na utambulisho, yaani mtu anajiita nani. Mambo hayo hayafuatani daima. Yupo mwenye mvuto asiyetenda, yupo atendaye gerezani au kwa ajili ya fedha bila mvuto, na yupo mwenye vyote viwili asiyejipa jina lolote. Maneno mwelekeo wa kijinsia yanahusu lile la kwanza.

Ushahidi wa sayansi

Swali likishatengwa namna hii, linaweza kuchunguzwa: kwa nini baadhi ya watu huvutiwa na watu wa jinsi yao? Jibu la sayansi hadi sasa ni kwamba hakuna sababu moja, na kwamba sababu zenye ushahidi mkubwa zaidi zinaanza kabla mtu hajaweza kuchagua.

Njia ya kwanza ya uchunguzi ni ya mapacha. Mapacha wa kufanana huwa na jeni zilezile, ilhali mapacha wasiofanana hushirikiana jeni kama ndugu wengine. Mwaka 1991 Michael Bailey na Richard Pillard walichapisha utafiti uliokuta kwamba, pacha mmoja akiwa anavutiwa na wanaume, pacha wake wa kufanana alikuwa hivyo katika asilimia 52 ya jozi, dhidi ya asilimia 22 kwa mapacha wasiofanana na asilimia 11 kwa ndugu wa kulea. Washiriki walipatikana kwa matangazo, jambo linaloweza kukuza takwimu. Utafiti wa mwaka 2010 uliotumia daftari la taifa la mapacha la Uswidi ulikadiria kwamba tofauti za kijeni zilieleza asilimia 34 hadi 39 ya tofauti baina ya wanaume na asilimia 18 hadi 19 kwa wanawake. Takwimu hizo zina pande mbili: jeni zina sehemu yake, lakini hazitoshi. Kama zingetosha, mapacha wa kufanana wasingetofautiana kamwe.

Njia ya pili ni kuzipima jeni zenyewe. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Science ulichunguza watu zaidi ya 470,000. Ulipata sehemu tano za jeni zenye uhusiano ulio wazi, na kukadiria kwamba jeni zote kwa jumla zaweza kueleza kati ya asilimia 8 na 25 ya tofauti. Hakuna "jeni la ushoga" moja linaloweza kumtabiri mtu. Hapa msomaji wa lugha ana jambo la kuongeza. Utafiti huo uliwauliza washiriki kama wamewahi kujamiiana na mtu wa jinsi yao. Ulipima tendo. Gazeti lililoandika kwamba umepima mwelekeo lilitafsiri vibaya hata kabla ya kufika kwenye Kiswahili. Aidha, washiriki walikuwa watu wenye nasaba ya Ulaya, na matokeo hayawezi kuhamishiwa moja kwa moja kwa watu wa nasaba nyingine.

Njia ya tatu ni ya mimba. Mwaka 1996 Ray Blanchard na Anthony Bogaert walionyesha kwamba kila kaka aliyemtangulia mtoto wa kiume kwa mama mmoja huongeza uwezekano wa mtoto huyo kuvutiwa na wanaume kwa takriban theluthi moja. Ongezeko hilo ni dogo kwa hesabu kamili: ikiwa uwezekano wa awali ni 2 katika 100, kaka mmoja huufikisha karibu 2.6. Mwaka 2006 Bogaert aliongeza kwamba makaka wa kulea au wa kambo hawana athari hiyo, ilhali makaka wa tumbo moja wanayo hata wakilelewa mbali. Maelezo yanayopendekezwa ni kwamba kinga ya mwili wa mama hujifunza kuzitambua protini za mimba za kiume. Homoni nazo zina nafasi: wanawake waliozaliwa na hitilafu ya tezi za adrenali inayozidisha homoni za kiume kabla ya kuzaliwa huripoti mvuto kwa wanawake kwa kiwango cha juu kuliko wengine, ingawa walio wengi kati yao huvutiwa na wanaume.

Njia ya nne ni ya malezi. Katika karne ya 20 baadhi ya wataalamu wa saikolojia walidai kwamba baba aliye mbali na mama anayemkumbatia mno mwanawe ndio chanzo. Irving Bieber na wenzake waliandika hivyo mwaka 1962, wakitumia habari za wagonjwa waliokuwa tayari katika tiba. Mwaka 1981 Alan Bell na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu zaidi ya 1,000 wa eneo la San Francisco, wengi wao wasio wagonjwa, na hawakuona athari kubwa ya wazazi. Pia walibainisha kwamba hisia kwa kawaida hutangulia matendo. Mapitio ya mwaka 2016 yaliyoongozwa na Bailey yalihitimisha kwamba ushahidi wa sababu zisizo za kijamii una nguvu zaidi kuliko ule wa sababu za kijamii.

Je, mtu huchagua? Tendo laweza kuchaguliwa au kuachwa, na ndiyo maana dini na sheria huweza kuliamrisha au kulikataza. Mvuto hauripotiwi kuwa umechaguliwa, si na anayevutiwa na jinsi yake wala na anayevutiwa na jinsi nyingine.

Kuondoka katika orodha ya magonjwa

Kwa muda mrefu tiba iliuweka mvuto huu miongoni mwa maradhi ya akili. Mwaka 1957 mwanasaikolojia Evelyn Hooker aliwapelekea wataalamu majibu ya vipimo vya wanaume 60, nusu yao wakiwa wapenzi wa wanaume, bila kutaja nani ni nani. Wataalamu hawakuweza kuwatenganisha. Desemba 1973 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliuondoa mvuto huo katika orodha yake, na tarehe 17 Mei 1990 Shirika la Afya Duniani likafanya vivyo hivyo.

Jambo hili linagusa lugha moja kwa moja. Maneno kama "kutibiwa ushoga", "waathirika wa ushoga" na "dalili za ushoga" yamejengwa juu ya sitiari ya maradhi. Anayeyaandika leo anatoa dai la kitabibu ambalo tiba yenyewe imeliacha. Anayetaka kutoa hukumu ya kidini au ya kimaadili anayo maneno yake, nayo hayahitaji kuazima koti la daktari.

Sheria na uzito wa neno moja

Kishazi "kinyume cha maumbile" hakikuzaliwa pwani. Kilitokana na Kifungu cha 377 cha Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, iliyotungwa na utawala wa Waingereza, na kikasambazwa katika makoloni mengine. Leo kinaishi katika Kifungu cha 162 cha Kenya, chenye adhabu ya hadi miaka 14, na Kifungu cha 154 cha Tanzania, ambacho adhabu yake huanzia miaka 30 hadi kifungo cha maisha. Mahakama ya Upeo ya India ilikiondoa kifungu chake kwa watu wazima wanaoridhiana mwaka 2018. Mahakama Kuu ya Kenya, katika ngazi iliyo chini ya Mahakama ya Upeo, ilikataa ombi kama hilo Mei 2019. Rwanda haina katazo la namna hiyo. Waswahili wa nchi mbalimbali husoma neno moja chini ya sheria tofauti.

Vifungu hivyo huadhibu tendo, si hisia. Tofauti hiyo ilijitokeza wazi Uganda mwaka 2023, pale Rais alipourudisha muswada bungeni akitaka itenganishwe hali ya kuwa na mwelekeo na hali ya kutenda. Sheria iliyosainiwa Mei mwaka huo ina adhabu kali kwa matendo, ikiwemo ya kifo kwa makosa yanayoitwa ya kuzidishwa. Nchini Kenya, Februari 2023, Mahakama ya Upeo iliamua kwa majaji watatu dhidi ya wawili kwamba neno lenye maana ya jinsi katika Ibara ya 27(4) ya Katiba, inayozuia ubaguzi, linajumuisha pia mwelekeo wa kijinsia. Kesi hiyo ilihusu haki ya kusajili chama, na haikubadilisha Kifungu cha 162. Kwa wanafunzi wa lugha ni mfano wa nadra: haki ya watu iliamuliwa kwa kufafanua upana wa neno moja.

Mwongozo wa matumizi

Jinsi na jinsia. Katika istilahi za kitaaluma, jinsi ni hali ya kimwili ya kuwa wa kiume au wa kike, na jinsia ni majukumu na sura anazopewa mtu na jamii. Mazungumzo ya kawaida hutumia jinsia kwa yote mawili, na "mapenzi ya jinsia moja" limekwisha kukomaa. Si lazima kulibadilisha.

Mwelekeo wa kijinsia. Litumike kwa mvuto wa kudumu. Kwa kuwa "-a kijinsia" katika maneno kama "ukatili wa kijinsia" huhusu jinsia ya kijamii, lifafanuliwe linapotajwa mara ya kwanza: "mwelekeo wa kijinsia, yaani mtu anavutiwa kimapenzi na watu wa jinsi ipi." Lisichanganywe na utambulisho wa kijinsia, ambao ni jinsi mtu anavyojitambua yeye mwenyewe.

Mpenzi wa jinsia moja. Ni neno la uandishi wa habari lisilo na tusi, nalo linafaa kwa wanaume na wanawake.

Shoga, basha, msagaji, hanithi, msenge. Yatafsiriwe pale tu yalipo katika maneno ya msemaji, kwa kutunza ukali wake. Yasiingizwe na mtafsiri mahali ambapo msemaji ametumia neno pole, wala yasilainishwe mahali alipotukana.

Mpenzi, mwenzangu, yeye. Kiswahili hakionyeshi jinsi katika viwakilishi. Sentensi "Mpenzi wangu aliniambia atakuja" haisemi kama huyo ni mume au mke. Mkalimani anayehamishia lugha inayolazimisha jinsi hana budi kumwuliza msemaji, si kukisia. Katika mahojiano ya waomba hifadhi barani Ulaya, ambako wapo wazungumzaji wa Kiswahili kutoka Uganda, Burundi na kwingineko, kisio moja laweza kuufanya ushahidi wa mtu uonekane unajipinga. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2014 kwamba wahoji wasidai vipimo wala picha za matendo kama uthibitisho wa mwelekeo. Kinachobaki mbele yao ni maelezo ya mtu, na maelezo hayo huwafikia kwa maneno ya mkalimani.

Asili. Mwalimu anayetoa mada hii aanze kwa kuwataka wanafunzi waandike upya swali lao bila neno asili wala neno ushoga. "Ushoga una asili gani?" laweza kugeuka kuwa "Kwa nini baadhi ya watu huvutiwa na wa jinsi yao?", au "Mahusiano haya yalijulikana lini pwani?", au "Dini yangu inafundisha nini juu ya tendo hili?" Kila moja kati ya maswali hayo lina mahali pa kutafutiwa jibu, na jibu la mmoja haliwezi kukopeshwa kwa jingine.